Treni Iliyofanana na Kitenge

Naanza kwa kukiri, ili baadaye mtu asije akasema nilijificha: ile picha niliitoa mimi. Si Waziri, si Injinia, wala si wale jamaa wa kiwandani waliochapa kitambaa. Ni mimi, Afisa Vifaa wa Wizara ya Usafiri na Sherehe, mwenye diploma ya ugavi, mtu ambaye mpaka siku ile kosa langu kubwa lilikuwa kuagiza viti vya miguu mitatu. Na hata hivyo vilikaliwa.

Nchi yenyewe siitaji jina. Kwetu jina la nchi likitajwa lazima watu wasimame, mkono kifuani, waimbe beti zote, na wewe msomaji huenda umekaa vizuri. Sitaki kukusumbua.

Tulikuwa na treni ya abiria iliyokuwa inapanda mpaka Ngorwe, mji wa juu mlimani. Ikafa. Haikupata ajali, hapana. Ilifika katikati ya mlima, ikakohoa, ikasimama. Abiria wakashuka wakamalizia kwa miguu, yenyewe ikabaki palepale. Mpaka leo kuku wanaatamia kwenye viti vya daraja la pili. Madereva wakastaafishwa kwa heshima, kila mmoja akapewa saa ya ukutani na kupigiwa makofi, wakatawanyika. Mmoja nasikia analima vitunguu, mwingine anapiga kinanda kanisani.

Kwa watu wengine hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwangu ilikuwa habari ya nyumbani. Mke wangu, Mama Tumsifu, ni mkunga katika hospitali ya Ngorwe. Alipohamishiwa huko treni ilikuwa bado inatembea, tukasema si neno, Ijumaa nitapanda, Jumatatu nitashuka. Treni ilipokufa tukabaki na barabara, na barabara ile mvua ikinyesha inakuwa uji. Nikawa mume wa kwenye simu.

"Baba Tumsifu," akaniambia siku moja, "mganga mkuu ameniita. Kuna nafasi mpakani, na nyumba wanatoa."

"Mpakani? Huko si ndiyo mbali zaidi?"

"Mbali ni mbali tu. Hapa Ngorwe nimekwama na wewe huji, kule nitakwama ndani ya nyumba nzuri. Nimemwomba anisubiri mpaka masika. Treni ikija kabla ya masika, nabaki. Isipokuja, nakwenda. Mimi sikuolewa na simu."

"Itakuja," nikasema.

"Unasema wewe au inasema Wizara?"

Tangu siku ile sikuweza tena kukaa. Nikikaa mguu unacheza. Nikila nachungulia dirishani kuangalia mawingu.

*

Bahati nzuri, nchi nzima ilikuwa haikai. Waziri wetu, Mheshimiwa Bartazari Lukumbuja, ni mtu wa haraka. Anaingia kwenye mkutano akiwa anatoka. Alipogundua kwamba kamati za serikali zinachelewa kwa sababu ya kukaa, alipiga marufuku vikao. Tukaanza vitu vinavyoitwa visimamo. Watu mnasimama mezani, mnazungumza, mnaondoka. Wajumbe wakalalamika kwamba miguu inauma, ikabidi posho iongezwe ya dawa ya kuchua. Basi visimamo vikawa virefu kuliko vikao.

Katika kisimamo cha kwanza cha Kamati ya Kuchagua Injini na Vifaa vya Treni ya Ngorwe, alizungumza Injinia Salome Ndibalema. Huyu ni dada mmoja mwembamba, sauti ndogo, hapendi utani hata kidogo, na kwa sababu hiyo mimi nampenda sana.

"Mheshimiwa, njia yetu ni ya mlima na vituo viko karibukaribu," akasema. "Hatuhitaji injini kubwa ya kuvuta mabehewa ishirini. Tunahitaji treni fupi, mabehewa mawili au matatu. Injini za dizeli zikae chini ya sakafu, ziwe na nguvu ya kupanda. Breki ziwe nzuri za kushukia. Na milango iwe mipana, kwa sababu watu wetu wanasafiri na mikungu ya ndizi."

Waziri akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hoja nzito, Injinia. Nzito sana. Sasa turudi kwenye mambo ya msingi. Sare ni ipi?"

Msishangae. Kwetu hakuna shughuli inayoanza mpaka sare ijulikane. Harusi, sare. Msiba, sare. Choo cha shule kikifunguliwa, wazazi wanashona. Mtu akikwambia ana mradi, unamuuliza kitambaa kinauzwa wapi. Na kitambaa cha mradi wa treni, Waziri akasema, lazima kiwe na treni.

"Bwana Vifaa," akaniita huku anavaa koti, "lete picha ya treni kabla ya saa saba. Mitambo ya kiwanda imeshawashwa."

"Treni ipi, Mheshimiwa? Bado hatujachagua."

"Treni ni treni. Usiwe na urasimu."

Nikakimbia. Ofisini mtandao haukuwepo. Maktaba ya Wizara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya Wiki ya Usomaji. Kule stesheni kulikuwa na picha moja ukutani, lakini ilikuwa ya Waziri. Nikakimbilia nyumbani, nikafungua kabati, nikainama chini ya kitanda, na hapo nikauona ule mkebe wa biskuti ambao mke wangu anawekea nyuzi, sindano na vifungo. Kila nyumba inao. Kwenye kifuniko kulikuwa na treni nyekundu, nzuri, inapita milimani. Nikamwaga vifungo kitandani, nikabeba kifuniko, nikafika kiwandani jasho linanitoka.

Sikukiangalia vizuri. Ndiyo kosa lenyewe hilo, lipo hapo.

*

Kitenge kikatoka kizuri ajabu. Kikatoka kingi pia. Kabla Injinia hajaandika hata barua moja kwa wauzaji wa treni, mafundi cherehani wa nchi nzima walikuwa hawalali. Wabunge wameshona, walimu wameshona, wafungwa wameshonewa. Mke wa Mkubwa wa nchi mwenyewe akatokea kwenye televisheni ndani ya gauni lenye treni kifuani, treni mgongoni, na kilemba chenye treni inayokata kona.

Mke wangu akapiga simu.

"Baba Tumsifu, wametuletea kitenge huku hospitali. Mbona hii ni treni ya mkebe wangu wa nyuzi?"

"Inafanana tu."

"Inafanana na nini? Mpaka ile alama niliyokwaruza kwa mkasi ipo. Vifungo vyangu viko wapi?"

"Viko kitandani."

"Waambie hao watu kwamba hiyo ni picha ya biskuti."

"Nitawaambia Jumatatu."

Jumatatu ikafika. Injinia alileta kwenye kisimamo picha za treni tatu za kweli kutoka kwa wauzaji watatu. Akazipanga mezani. Waziri, ambaye siku hizo alikuwa havai nguo nyingine ila kitenge hicho, akanyoosha mkono wa shati lake juu ya picha ya kwanza, akaangalia kitambaa, akaangalia picha.

"Haifanani."

Akaenda ya pili. "Haifanani." Ya tatu akaitazama kwa huruma. "Injinia, hii hata haijaribu."

"Mheshimiwa, hizo zinapanda mlima."

"Sijakataa. Lakini angalia hapa." Akagonga kiwiko chake. "Treni yetu ina bomba la moshi. Na juu yake ina mkono wa kushika waya wa umeme."

"Hiyo haiwezekani," Injinia akajibu. "Ya moshi haina mkono wa umeme, na ya umeme haitoi moshi. Nani aliyechora hii?"

Wajumbe wote wakanigeukia. Mguu wangu ukaanza kucheza. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, hata mtoto angeweza. Nikasema, "Ni mchoro wa kimataifa."

"Mnaona!" Waziri akasema.

"Basi tubadilishe kitenge," akasema Injinia.

Waziri akaweka kalamu chini polepole. Tulikuwa hatujawahi kumwona akifanya kitu polepole.

"Nchi nzima imeshashona, dada yangu. Mke wa Mkubwa ameshashona. Unataka mimi, Lukumbuja, mtoto wa watu, niende nikamwambie avue?"

Hakuna aliyetaka hivyo.

Basi kuanzia hapo kazi ikawa rahisi. Kamati ilisimama kuzunguka kitenge, ikikinyooshanyoosha, na kila kilichoonekana kikaingia kwenye mahitaji ya nchi, na kila kisichoonekana kikatolewa. Milango, kwa mfano. Yule mchoraji wa biskuti hakuchora milango.

"Watu wataingilia wapi?" Injinia akauliza.

"Tusitangulize matatizo," akasema Katibu Mkuu, mzee mmoja mpole ambaye kazi yake ilikuwa kukubali.

Kwenye picha treni inaelekea kushoto. Ya kwetu ikitoka stesheni inaelekea kulia, ndiko mlima uliko. Ikaamuliwa jukwaa la wageni lihamishiwe ng'ambo ya reli, ili wakubwa wakitazama waione inaelekea kushoto. Akina mama wauza dagaa waliokuwa ng'ambo hiyo wakahamishwa, wakaambiwa wanapisha maendeleo, wakauliza maendeleo yatakaa mpaka lini.

Halafu kulikuwa na ng'ombe. Pembeni mwa reli, kwenye kila mita ya kitambaa, alisimama ng'ombe mweupe mwenye kengele shingoni. Waziri akampenda kuliko treni. Ng'ombe akaingizwa kwenye vifaa vya reli. Idara ya Utumishi ikasema kiumbe hai hawezi kuwa kifaa, ni mtumishi. Akapewa namba ya ajira, akapimwa afya, akawekwa kwenye kipindi cha majaribio.

Injinia akavumilia yote hayo mpaka mwisho. Akafunga faili lake. Akauliza, "Na madereva tunaajiri lini? Mafunzo yanachukua muda."

Waziri akausogeza mkono wa shati karibu na macho. Akaliangalia lile dirisha la mbele la treni, dirisha dogo, jeusi, tupu.

"Mimi sioni mtu hapa."

"Mheshimiwa, huo ni mchoro."

"Bwana Vifaa, wewe unaona mtu?"

Nikaangalia shati langu. Niseme nini? Hakukuwa na mtu.

"Simwoni, Mheshimiwa."

"Teknolojia," akanong'ona Katibu Mkuu.

"Hivyo hivyo," akasema Waziri. "Wenzetu walioichora wameshafika mbali. Sisi bado tuko kwenye mambo ya madereva."

Nafasi za madereva zikafutwa. Na mimi nikaenda zangu chooni kunawa uso.

*

Wiki chache baadaye Injinia alinivuta nyuma ya stoo ya matairi. Nikadhani nimegundulika.

"Kaka, naomba unisikilize na usicheke," akasema.

"Mimi nacheka lini?"

"Nimewaagiza wauzaji ile ya dizeli. Ile ya kweli. Injini chini ya sakafu, breki nzuri, kila kitu. Halafu nimewaambia waivalishe bati jekundu juu. Bomba la moshi ni la uongo, tutawasha majani mabichi ndani ya pipa. Mkono wa umeme ni bomba la maji. Milango ipo, ila nimeipaka rangi moja na ukuta, usipoipapasa huioni. Huyo Mheshimiwa ataiona ya kitenge, na watu watapanda mlima."

Nilimkumbatia, akakasirika.

"Na dereva?" nikauliza.

"Hilo ndilo lililobaki. Kuna mahali mimi siwezi kupaka rangi. Nimeandika barua, nimekwenda mwenyewe, wanachungulia mashati yao. Lakini wewe wanakusikiliza, picha uliileta wewe. Waambie tu kwamba ilichorwa vibaya. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Jumatatu."

Jioni hiyo nilimpigia mke wangu nikiwa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Treni inakuja! Ya kweli! Ndani ni ya kweli, nje ndiyo biskuti."

"Na mvua nayo inakuja," akasema. "Upepo umeshageuka huku. Umewaambia kuhusu mkebe?"

"Mama Tumsifu, kwa nini tuharibu jambo zuri?"

"Wewe ni mtu mzuri sana," akasema, na alivyosema haikuwa sifa.

Jumatatu zikapita. Kila Jumatatu nilikwenda mpaka mlangoni kwa Waziri, na kila Jumatatu yeye alikuwa anatoka mbio, akanipiga bega, akaniita "mtu wa picha." Mtu anayekupiga bega kwa furaha utamwambiaje kuhusu biskuti?

*

Siku ya uzinduzi nchi nzima ilikuwa ni treni. Ukitazama umati unaona treni elfu na elfu, zinapepea, zinajikuna, zinanunua karanga. Na ile yenyewe ikawa imesimama kwenye reli, nyekundu, imewashwa, inanguruma chini kwa chini. Aliyeiwasha alfajiri ni Injinia. Kabla ya saa tatu gari la Wizara lilimfuata na barua: kwa kutambua mchango wake, amehamishiwa Idara ya Vivuko, aripoti leo. Khanga ya kivuko ilikuwa imeshachapwa.

"Kuwasha nimejifunza," aliniambia akiwa mguu mmoja ndani ya gari. "Kuendesha sijui, na mlima ule haujaribiwi. Uliwaambia?"

Nikaangalia shati langu. Alinitazama, akafunga mlango wa gari mwenyewe.

Ng'ombe alikuwepo. Alishathibitishwa kazini.

Waziri akapanda jukwaani ng'ambo ya reli, jua lote machoni.

"Wananchi!" akasema. "Kuna nchi zina treni lakini hazina kitenge. Kuna nchi zina kitenge lakini hazina treni. Sisi," akanyoosha mkono wa shati hewani, "sisi ndio wa kwanza duniani kuwa na treni iliyotokana na kitenge! Walisema haiwezekani. Linganisheni!"

Watu wakalinganisha. Wakapiga vigelegele. Kweli, ilifanana. Pipa la majani likawashwa, moshi ukatoka bombani, wazee wakakohoa kwa furaha. Waziri akakata utepe, akaenda kupanda, akakuta ukuta. Akapapasa. Akagonga, kama mtu aliyefika ugenini. Alipoona hakuna anayefungua akageuka, akaupigia umati saluti, akatangaza kwamba kwa heshima ya abiria yeye hatapanda.

"Leo treni imefika!" akamalizia.

Kufika ilikuwa imefika kweli. Wakubwa wote wakakimbilia magari, maana chakula kilikuwa mji mwingine, na ving'ora vikaondoka.

Tukabaki abiria. Wale wanaojua kutafuta milango ya nchi hii tukaipata kwa kupapasa. Tukaingia. Viti vizuri, madirisha yanafunguka, mikungu ya ndizi ikapita bila kugongana. Injinia Salome hakusahau kitu. Mimi nikakaa dirishani na begi langu, ndani nimeweka vifungo vyote vya mke wangu, hata kimoja hakikupotea, na kile kifuniko.

Tukasubiri.

"Baba," akaniuliza bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, mfuko wa dawa mapajani, "hii inajiondokea yenyewe?"

"Wanasema ni teknolojia, bibi."

"Basi iambie nina kliniki."

Simu ikalia. Mke wangu. Nyuma yake nilisikia kwaya ikiimba, na sauti zao zilishachoka.

"Tuko stesheni tangu asubuhi. Tumevaa wote. Mmeshaondoka?"

"Tumo ndani."

"Sikukuuliza mmo wapi." Akapumua. "Baba Tumsifu, wingu limeshakaa juu ya mlima. Gari la mpakani liko hapa mbele yangu, limewashwa, mganga mkuu anaangalia saa. Nimemwambia anipe mpaka moshi uonekane kwenye ile kona ya chini. Nikiuona moshi, nashusha sanduku. Kuna mtu wa kuiendesha hiyo treni?"

"Subiri kidogo."

"Kuna mtu?"

"Nisubiri kidogo tu, mama."

Nikashuka. Nikakimbia mbele mpaka kwenye lile dirisha dogo, nikachungulia. Kiti cha dereva kilikuwepo, kizuri, bado kina nailoni. Injini inanguruma, iko tayari, ingepanda hata mbinguni. Nikatazama huku na huku. Uwanja ulikuwa umebaki viti, maganda ya karanga na ng'ombe wa serikali anakula maua ya jukwaa. Kipaza sauti kilikuwa bado kimesimama pale, wamesahau kukizima.

Nikavuka reli, nikapanda jukwaani. Kwanza nikapuliza. Kikaitika. Spika za mji mzima zilikuwa bado zimefungwa kwenye nguzo.

"Ndugu wananchi," nikasema, "ile picha ni ya mkebe wa biskuti. Niliitoa mimi." Nikasubiri dunia ianguke. Haikuanguka. Ng'ombe alitafuna.

Kule dirishani yule bibi alikuwa ananitazama. Upande wa mlimani kulikuwa kumeshakuwa kweusi.

"Dereva wa treni ya Ngorwe, popote ulipo, unaombwa ufike kwenye treni yako. Abiria wameshakaa." Sauti yangu ikaenda mpaka sokoni, ikarudi peke yake. "Kama hakuna dereva, basi yeyote aliyewahi kuwa dereva. Wewe wa vitunguu. Wewe wa kinanda. Kama hampo, basi mtu yeyote tu, tafadhali, aje hapa anionyeshe cha kwanza kushika ni kipi."

Nikasubiri. Nikapuliza tena kuhakikisha. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa.

"Jamani, mtu yeyote."